Mahojiano Yanapogeuzwa Wimbo: Tashtiti, Muziki na Maneno ya Sarah Palin katika Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 2008

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mahojiano ya mwanasiasa yanavyodhihakiwa kwa njia ya muziki na tashtiti. Kisa kinachochambuliwa ni mahojiano ya televisheni aliyoyafanya Sarah Palin, mgombea mwenza wa John McCain, katika kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2008. Makala yanabainisha njia tatu zilizotumiwa na wasanii: mwigo wa jukwaani, kuambatanisha ala ya muziki na kiimbo cha msemaji, na kuyaweka maneno juu ya mdundo. Hoja kuu ni kwamba dhihaka huwa na nguvu ya kuumbua pale inapobaki karibu na maneno halisi ya mhojiwa. Maneno ya mtunzi yanapochukua nafasi ya maneno ya mhojiwa katika kumbukumbu ya umma, anayepata hasara ni mpigakura. Sehemu ya mwisho inaihusisha hoja hiyo na tashtiti ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mahojiano ya ana kwa ana ni mtihani ambao mwanasiasa hawezi kufanyiwa na mtu mwingine. Hotuba huandikwa na wasaidizi, mabango hubuniwa na mafundi wa matangazo, na mkutano wa hadhara hujaa watu waliokwisha kukubali kabla ya kufika uwanjani. Katika mahojiano kuna swali, na baada ya swali kuna ukimya ambao mhojiwa mwenyewe analazimika kuujaza. Akiujaza kwa hoja, wananchi wamepata walichokitafuta. Akiujaza kwa maneno yasiyo na hoja, sauti yake imekwisha kurekodiwa na haiwezi kurudishwa kinywani.

Hapo ndipo wasanii huingia. Mwandishi wa habari aliyeuliza swali hana ruhusa ya kucheka. Kazi yake ni kuuliza tena kwa upole au kupita. Msanii anayo ruhusa hiyo. Huyachukua maneno yale yale, akayaiga, akayapigia piano au akayawekea ngoma, na hadhira ikacheka jambo ambalo jana yake ililiona kuwa gumu kulieleza. Swali linaloongoza makala haya ni hili: kicheko hicho kinasaidia wananchi kuyasikia vizuri zaidi maneno ya mwanasiasa, au kinayafunika?

Kisa cha Sarah Palin kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mahojiano yake na dhihaka zilizofuata vilitokea ndani ya wiki chache, hivyo ni rahisi kulinganisha kilichosemwa na kilichoigizwa. Pili, kisa hiki kinatupatia sentensi moja mashuhuri ambayo watu wengi wanaamini Palin aliisema, ingawa hakuisema. Sentensi hiyo ndiyo kipimo cha hoja yetu.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi nne zinahitaji kutenganishwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Dhihaka ni tendo lolote la kumfanya mtu achekwe. Haina sharti la sababu. Mtu anaweza kudhihakiwa kwa kigugumizi chake au kwa umaskini wake. Kejeli ni dhihaka yenye makali, inayokusudia kumuumiza anayelengwa. Kinaya ni kusema jambo huku maana iliyokusudiwa ikiwa kinyume chake, au hali ambamo matokeo ni kinyume cha yaliyotarajiwa. Tashtiti ni pana kuliko zote tatu. Hutumia dhihaka, kejeli na kinaya kama zana, lakini huwa na jambo inalolishambulia ambalo ni kubwa kuliko mtu mmoja: unafiki, ujinga unaojivika cheo, matumizi mabaya ya madaraka. Mtu anayeigiza sauti ya kiongozi kwa ajili ya kuchekesha tu anadhihaki. Anayeiigiza ili tuone kwamba kiongozi huyo hakujibu swali anafanya tashtiti.

Istilahi ya tano ni kiimbo, yaani upandaji na ushukaji wa sauti katika usemaji. Kila msemaji ana kiimbo chake, na mara nyingi tunamtambua mtu kwenye simu kwa kiimbo kabla hatujayaelewa maneno yake. Kiimbo ndicho daraja baina ya usemaji na muziki, na bila kukielewa hatuwezi kueleza kwa nini wimbo unaweza kuwa dhihaka hata pale usipoongeza neno lolote.

3.0 Usuli: Wiki Tatu za Septemba

John McCain, mgombea wa chama cha Republican, alimtangaza Palin kuwa mgombea mwenza wake tarehe 29 Agosti 2008. Palin alikuwa gavana wa Alaska tangu Desemba 2006, na nje ya jimbo lake wapigakura wengi hawakumjua. Uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Novemba. Kwa hiyo wananchi walikuwa na takriban miezi miwili ya kumjua mtu ambaye angeweza kuwa makamu wa rais, na timu ya kampeni ilimruhusu afanye mahojiano makubwa machache tu.

La kwanza lilikuwa na Charles Gibson wa ABC, na kipande chake cha mwanzo kilirushwa tarehe 11 Septemba. Lililojadiliwa zaidi lilikuwa na Katie Couric wa CBS, lililorushwa kwa vipande kuanzia tarehe 24 Septemba. Katika kipindi hicho uchumi wa Marekani ulikuwa unatikisika. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika tarehe 15 Septemba, na serikali ilikuwa ikiliomba Bunge dola bilioni 700 za kuyaokoa mashirika ya fedha. Swali lolote kuhusu fedha hizo lilikuwa swali kuhusu nyumba na ajira za watu.

Couric aliuliza maswali ya kawaida. Aliuliza kwa nini fedha hizo zisipelekwe moja kwa moja kwa familia zinazotaabika. Palin alijibu kwa sentensi ndefu iliyounganisha mpango wa uokoaji, mageuzi ya huduma za afya, kutengeneza ajira, kupunguza kodi na biashara ya nje, bila kueleza kiungo baina ya jambo moja na jingine. Couric alipomwomba mifano ya namna McCain alivyopigania udhibiti wa masoko ya fedha, Palin alimwahidi kwamba angeitafuta na kumletea. Alipoulizwa magazeti aliyokuwa akisoma, alijibu kwamba aliyasoma yote au mengi yao, bila kulitaja hata moja. Alipoombwa ataje uamuzi mwingine wa Mahakama ya Juu ambao hakukubaliana nao, mbali na ule wa Roe dhidi ya Wade, hakuutaja.

Ni muhimu kuona kwamba hakuna tusi katika mahojiano haya wala mtego wowote wa ajabu. Udhaifu uliojitokeza ulikuwa wa namna ambayo lugha hujulisha mapema kuliko ushahidi wowote: sentensi inaanza, inakusanya majina ya mambo makubwa, na haifiki mahali pa kutua.

4.0 Njia Tatu za Kuyadhihaki Mahojiano

4.1 Mwigo wa Jukwaani

Kipindi cha Saturday Night Live cha NBC kimekuwa kikiwaigiza wanasiasa tangu kilipoanzishwa mwaka 1975. Tarehe 13 Septemba 2008, mwigizaji Tina Fey, aliyekuwa ameondoka katika kipindi hicho mwaka 2006, alirudi kuigiza nafasi ya Palin, akiwa pamoja na Amy Poehler aliyemwigiza Hillary Clinton. Tarehe 27 Septemba, siku tatu baada ya kipande cha kwanza cha mahojiano ya CBS, Fey alimwigiza Palin tena, na safari hii Poehler alikuwa Couric.

Igizo hilo la pili lina jambo la kifundi linalostahili kuzingatiwa. Katika jibu kuhusu fedha za uokoaji, watunzi hawakutunga sana. Sehemu kubwa ya maneno aliyoyasema Fey ilifuata kwa karibu mno jibu la Palin mwenyewe, na hadhira ikacheka. Maneno yale yale yaliposemwa katika taarifa ya habari, wengi waliyasikia kwa wasiwasi au kwa huruma. Yaliposemwa jukwaani, yalichekesha. Tofauti ilitokana na mazingira ya usikilizaji. Mtazamaji wa habari husikiliza akitarajia maana, na pale maana inapokosekana huijaziliza kwa hisani yake mwenyewe. Mtazamaji wa igizo hasitiri chochote. Mwigo uliondoa hisani ile na kuyaacha maneno yasimame peke yake.

Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichochapishwa mwaka 1900, alidai kwamba tunacheka tunapomwona binadamu akitenda kama mashine. Dai hilo linalieleza igizo hili vizuri. Mwanasiasa aliyefunzwa majibu na wasaidizi wake, kisha akayatoa bila kujali swali, anafanana na mashine iliyobonyezwa kitufe. Mwigizaji anayeyarudia majibu hayo anatuonyesha kitufe kiko wapi.

4.2 Ala Inayofuata Kiimbo

Njia ya pili haikuhitaji mwigizaji. Mpiga piano wa jazi wa New York, Henry Hey, aliichukua sauti ya Palin kutoka katika mahojiano ya msimu huo, akaifuatisha kwa piano silabi kwa silabi. Kila sauti ilipopanda, piano ilipanda. Iliposita, piano ilisita. Sauti ni ya Palin mwenyewe. Mwanamuziki alichoongeza ni noti ambazo, kwa namna fulani, zilikuwa tayari ndani ya kiimbo cha msemaji, pamoja na kodi za kuzishikilia.

Mbinu hii ina historia inayoheshimika. Mtunzi wa Kicheki Leoš Janáček alikuwa na desturi ya kuandika kwa noti viimbo vya watu aliowasikia wakizungumza, akavitumia kama malighafi ya opera zake. Mwaka 1988 Mmarekani Steve Reich alitunga kazi iitwayo Different Trains, ambamo nyuzi za fidla zinafuata sauti zilizorekodiwa za watu wakisimulia safari za garimoshi, wakiwamo walionusurika mauaji ya Wayahudi. Hapo mbinu haina dhihaka hata kidogo. Inaheshimu sauti za wanaokumbuka. Kwa upande wa siasa, mwanamuziki wa Brazil Hermeto Pascoal aliitumia katika albamu yake ya mwaka 1992 kwa sauti ya Fernando Collor, rais ambaye mwaka huo huo aliondoka madarakani kwa kashfa ya ufisadi.

Kwa nini ala inayofuata kiimbo inachekesha kwa mwanasiasa na inahuzunisha kwa msimulizi wa mateso? Jibu liko katika uhusiano wa kiimbo na maana. Tunapozungumza, sikio hufuata maana na kukiacha kiimbo kipite chini kwa chini. Muziki huligeuza sikio: sasa linafuata mahadhi kwanza. Iwapo msemaji alikuwa na jambo la kusema, mahadhi hulibeba jambo hilo na kulikuza. Iwapo hakuwa nalo, mahadhi hubaki yenyewe, na msikilizaji hugundua kwamba tangu mwanzo alikuwa akibembelezwa kwa sauti. Kiimbo cha uhakika kilikuwapo, mkazo ulikuwapo mahali pake, hata mshuko wa kumalizia ulikuwapo, lakini hapakuwa na hoja iliyomalizwa.

Katika muziki hali hii husikika waziwazi. Sikio lililozoea kodi za jazi hungoja kodi ya kutulia mwishoni mwa kifungu. Sentensi isiyofika mwisho huilazimu piano iendelee kutafuta, na utafutaji huo ndio uhakiki wenyewe. Mhariri wa gazeti angehitaji aya nzima kueleza kwamba jibu halikuwa na muundo, na piano hulieleza hilo kwa muda ule ule jibu lilipotolewa.

4.3 Maneno Juu ya Mdundo

Njia ya tatu ni kuyaweka maneno, halisi au ya kutungwa, juu ya mdundo. Mifano mitatu inaonyesha jinsi njia hii ilivyotumika kwa namna tofauti.

Tarehe 18 Oktoba 2008 Palin mwenyewe alifika katika Saturday Night Live. Katika sehemu ya habari za mzaha, alitangaza kwamba hangeimba rapu iliyokuwa imeandaliwa, na Amy Poehler akaiimba kwa niaba yake huku Palin akiwa ameketi kando akiitikia mdundo kwa mikono. Maneno ya rapu hiyo yalitungwa. Hayakutoka katika mahojiano. Matokeo yake yalikuwa tofauti na ya igizo la Septemba. Anayedhihakiwa alikuwa ameketi pale pale, akicheka pamoja na wanaomdhihaki, na maswali ya Couric hayakuwa mezani tena. Mwanasiasa akikubali kuchekwa kwa jambo jepesi, hujipatia sifa ya uungwana, na jambo zito husahaulika. Waswahili husema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hapa mzaha ulifanya kazi kinyume: uliufunika usaha uliokuwa umekwisha kutumbuka.

Mfano wa pili ulikuja baada ya Palin kujiuzulu ugavana. Tarehe 26 Julai 2009 alitoa hotuba ya kuaga mjini Fairbanks. Siku iliyofuata, katika kipindi cha The Tonight Show cha Conan O'Brien, mwigizaji William Shatner alisoma sehemu ya hotuba hiyo kana kwamba ni shairi, akisindikizwa na besi na ngoma ndogo. Ingawa hii ilikuwa hotuba na si mahojiano, mbinu yake ni ile ile ya Hey: maneno ni ya msemaji, sura ni ya msanii. Palin alijibu kwa silaha hiyo hiyo. Mnamo Desemba mwaka huo alitokea katika kipindi hicho na kusoma sehemu za kitabu cha maisha ya Shatner kwa mtindo ule ule. Jibu hilo lilikuwa na hoja ndani yake: karibu maandishi yoyote yakiondolewa mahali pake na kupigiwa ngoma yanaweza kuchekesha. Mchambuzi hana budi kulikubali hilo. Kuchekesha peke yake si ushahidi kwamba maneno ni matupu.

Mfano wa tatu ni wa kiteknolojia. Programu ya Auto-Tune, iliyoingia sokoni mwaka 1997 kwa ajili ya kurekebisha sauti za waimbaji zilizotoka nje ya noti, inaweza pia kuulazimisha usemaji wa kawaida ufuate ngazi ya muziki. Kuanzia Aprili 2009 kundi la Gregory Brothers lilitumia programu hiyo kuwaimbisha wanasiasa na watangazaji wa habari, Katie Couric akiwa mmoja wao. Tofauti na mbinu ya Hey, hapa kiimbo cha msemaji hakifuatwi, bali hubadilishwa. Msemaji anafanywa aimbe wimbo ambao si wake kwa maneno ambayo ni yake, na kifungu kimoja hurudiwa kama kiitikio mara nyingi kuliko alivyokitamka. Kwa hiyo Auto-Tune iko katikati: ina ushahidi wa sauti halisi, lakini ina uhuru mkubwa wa kukata na kurudia.

5.0 Sentensi Ambayo Haikusemwa

Katika mahojiano na Gibson, Palin aliulizwa ujirani wa Alaska na Urusi ulimpa ufahamu gani kuhusu vitendo vya nchi hiyo. Alijibu kwamba Warusi ni majirani, na kwamba kutoka kisiwa kimoja cha Alaska mtu anaweza kuiona ardhi ya Urusi. Kijiografia jibu hili ni kweli. Katika Mlango wa Bering kuna visiwa viwili viitwavyo Diomede, kidogo kikiwa cha Marekani na kikubwa kikiwa cha Urusi, na umbali baina yake haufiki kilomita 4. Udhaifu wa jibu ulikuwa mahali pengine: kuiona ardhi ya nchi si kuielewa siasa yake, na swali lilihusu kuelewa.

Siku mbili baadaye, katika igizo la tarehe 13 Septemba, Fey akiwa katika nafasi ya Palin alidai kwamba aliiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Sentensi hiyo ilitungwa na waandishi wa igizo. Ilikuwa fupi, ilikuwa na picha, na ilisemwa kwa kiimbo kilichofanana mno na cha Palin. Ikashika. Tangu hapo imenukuliwa na watu wengi kama kauli ya Palin mwenyewe, na hata leo mtu anaweza kuisikia katika mazungumzo ya siasa ikitajwa kama ushahidi dhidi yake.

Tuone kilichopotea. Jibu halisi lilikuwa na kosa la hoja ambalo mpigakura angefaidika kulijua: mgombea alichanganya ukaribu wa mahali na ujuzi wa mambo ya nje. Sentensi ya igizo iliondoa kosa hilo ikaweka mahali pake upumbavu wa kuchekesha. Anayeikumbuka sentensi ya igizo ana sababu ya kumcheka Palin, lakini hana tena hoja ya kumpinga. Zaidi ya hayo, mfuasi wa Palin anayejua kwamba sentensi haikusemwa anapata sababu halali ya kuzipuuza lawama zote, zikiwamo zile za kweli kuhusu mahojiano ya Couric. Uongo mdogo wa kisanaa umeupa utetezi upande uliokusudiwa kuumbuliwa.

Kwamba maigizo ya aina hii yanaweza kuwa na uzito katika siasa limekuwa jambo la utafiti. Mwaka 2012 Jody Baumgartner, Jonathan Morris na Natasha Walth walichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa Marekani na kile walichokiita athari ya Fey, na walionyesha uhusiano kati ya kulitazama igizo na kuwa na maoni hasi zaidi kuhusu Palin. Ikiwa igizo lina uwezo wa kuhusiana na maoni ya wapigakura, basi suala la uaminifu wake kwa maneno yaliyosemwa haliwezi kuachiwa ladha ya msanii peke yake.

6.0 Nani Anachekwa?

Uaminifu kwa maneno ni kipimo kimoja. Cha pili ni nafasi ya anayechekwa. Mwaka 2010 Gregory Brothers waliyachukua mahojiano ya habari ya kijana mmoja wa Alabama, ambaye nyumba ya familia yake ilikuwa imevamiwa na mtu aliyejaribu kumbaka dada yake, wakayageuza wimbo kwa Auto-Tune. Wimbo huo ulipendwa kiasi cha kuingia katika orodha ya nyimbo 100 za Billboard, na kijana huyo aligawiwa mapato yake. Hata hivyo wakosoaji waliuliza swali zito: hadhira ilikuwa ikicheka nini? Maneno ya kijana hayakuwa matupu. Yalikuwa ushahidi wa hofu na hasira ya haki. Kilichochekesha kilikuwa lafudhi yake, mavazi yake na ufukara wa mtaa wake.

Wasikilizaji wa Nairobi wanakifahamu kisa kinachofanana. Kijana wa mtaani aliyeshuhudia polisi wakimpiga mtu risasi alimweleza mwandishi wa habari kwamba silaha ya bandia iliwekwa kando ya marehemu. Sauti yake ikachanganywa na mdundo, ikachezwa kwenye matatu na kwenye sherehe, na neno alilolitumia kwa silaha hiyo likawa msemo wa vijana. Wengi waliokuwa wakicheza wimbo ule hawakuwa wakimfikiria aliyeuawa.

Mbinu ni moja katika visa vyote: sauti halisi, mdundo, marudio. Tofauti ni kwamba mwanasiasa aliomba madaraka na akaulizwa maswali kwa sababu hiyo. Mnyonge hakuomba chochote isipokuwa kusikilizwa. Kuyageuza maneno ya mwanasiasa kuwa wimbo ni kumdai jibu kwa mara ya pili. Kuyageuza ya mnyonge ni kumnyima usikivu alioupata kwa shida mara ya kwanza.

7.0 Mkabala wa Kiswahili

Utamaduni wa Waswahili si mgeni katika dhihaka ya kimuziki. Malumbano ya washairi wa Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji, ngoma za mashindano za pwani na taarabu ya mipasho yote yanatumia wimbo kumchoma mpinzani. Lakini desturi hiyo inatofautiana na kisa tulichokichambua kwa jambo la msingi. Kijembe cha Kiswahili huishi kwa fumbo: mtunzi hamtaji mtu, na anayelengwa hujitambua mwenyewe, akinuna amejifichua. Kukana nako ni rahisi, kwa kuwa hakuna jina lililotajwa. Dhihaka ya mahojiano haiwezi kufumba. Sauti ya mlengwa imo ndani ya wimbo.

Mwigo nao una mizizi katika Afrika Mashariki ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass la Kenya liliigiza sauti na mwendo wa Rais Daniel arap Moi, katika nchi ambayo miaka michache kabla yake jambo hilo lingekuwa la hatari. Mwaka 2009 kipindi cha XYZ Show, kilichoasisiwa na mchoraji katuni Gado, kilianza kuwaigiza viongozi kwa vikaragosi. Hizi ni kazi za mwigo, na zinaangukia katika njia ya kwanza.

Njia ya pili, ile ya kufuata kiimbo kwa ala, bado ni shamba lisilolimwa sana katika Kiswahili, na ina sababu za kiisimu za kufaa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, jambo linaloupa usemaji mapigo yanayotabirika kuliko ya Kiingereza. Aidha, lugha ya siasa ya Kiswahili ina virai vinavyorudiwa kiasi cha kuwa viitikio tayari: suala zima la, mchakato unaendelea, tuko mbioni, changamoto ni nyingi. Mwanamuziki akimfuata mhojiwa kwa zeze au kinanda, hatahitaji kutunga kiitikio. Virai hivyo hushuka kwa kiimbo cha kuhitimisha ilhali havihitimishi chochote: mchakato unaoendelea hauna tarehe ya mwisho, na aliye mbioni hasemi anakokwenda wala atafika lini.

Kwa msanii wa Afrika Mashariki, kubaki na maneno halisi kuna faida nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018 zote zilitungwa zikiwa na vifungu vinavyoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Makala haya hayatoi ushauri wa kisheria, lakini ni wazi kwamba msanii aliyemwekea kiongozi maneno ambayo hakuyasema ana mzigo mzito zaidi wa kujieleza kuliko yule aliyeyasindikiza kwa piano maneno ambayo kiongozi aliyatamka mbele ya kamera.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba muziki na mwigo vinaweza kutekeleza kazi ambayo mwandishi wa habari hana nafasi ya kuitekeleza: kuondoa hisani ya msikilizaji na kumwonyesha kwamba jibu halikuwa jibu. Nguvu hiyo ilionekana zaidi katika igizo la tarehe 27 Septemba 2008 na katika piano ya Henry Hey, kazi mbili zilizoongeza kidogo sana kwenye maneno ya mhojiwa. Ilipungua katika rapu ya Oktoba, iliyomkaribisha mlengwa acheke pamoja na hadhira, na iligeuka kuwa hasara katika sentensi ya Urusi, iliyoyafuta maneno halisi.

Kutokana na hayo, mchambuzi wa tashtiti ya kisiasa anaweza kuanza na maswali matatu: maneno yanayochekesha ni ya nani, kinachochekwa ni hoja ya msemaji au ni hali yake, na baada ya kicheko, msikilizaji anaweza kulieleza swali ambalo halikujibiwa? Kwa kisa cha Palin, swali la tatu linafichua mengi. Wengi wanakumbuka Urusi na dirisha la nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Couric aliuliza kwa nini dola bilioni 700 zisiende moja kwa moja kwa familia zilizokuwa zikitaabika, na kwamba swali hilo lilistahili jibu.